Siku Walipochoma Godoro la Shangazi

Aliyekuja nyumbani kuniombea kazi ya afya alikuwa bwana afya mwenyewe. Alikuja jioni, baba yangu akiwa amepumzika barazani baada ya kazi. Aliegesha baiskeli ukutani taratibu, akavua kofia, akasimama mpaka alipokaribishwa. Alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi na soksi ndefu nyeupe, na viatu vyake vilikuwa safi ingawa mtaa mzima ulikuwa matope. Mama alimtazama kupitia upenyo wa mlango akaninong'oneza kwamba mtu huyu amelelewa.

Baba alikuwa seremala katika karakana za reli pale Gerezani. Aliyajua mambo ya mbao na misumari. Mambo ya msichana kufanya kazi ya serikali hakuyajua, wala hakutaka kuyajua. Nilikuwa nimemaliza shule, nakaa tu nyumbani nikishona foronya, na wachumba walikuwa wameanza kutumwa.

"Mzee, binti yako anasoma na kuandika, na kina mama wa mtaa huu wanampenda," bwana afya alisema. "Mimi nikiingia nyumba ya mtu wanawake wanakimbilia vyumbani. Yeye akiingia watampa kigoda akae. Nitamtunza kama mtoto wangu wa kumzaa. Nakupa neno langu."

"Neno lako tu?" baba aliuliza.

"Neno langu tu, mzee."

Baba alimwita mama alete kahawa. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Uhuru bado unasemwa kwa sauti ya chini. Kariakoo yetu ilikuwa ya nyumba za udongo na fito zenye mapaa ya madebe yaliyofunguliwa, kila nyumba na ukumbi wake katikati, vyumba huku na huku, na uani kisima na choo vimekaa karibu mno. Wapangaji walijaa. Walikuwapo Wazaramo wenye mji wao, na watu wa Rufiji, wa Kilwa, wa Lindi, na wengine waliotoka bara, kila chumba na lugha yake ya kugombania na Kiswahili cha kupatania. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka nyumba hadi nyumba. Niliwaambia kina mama wachemshe maji, wafunike visima, wamwage maji yaliyosimama katika vyungu vilivyovunjika, wawapeleke watoto kliniki wakapimwe uzito. Walinipa gauni la buluu lenye kola nyeupe. Wakaanza kuniita Binti Afya, kwanza kwa utani, baadaye ikawa ndilo jina langu.

Bwana afya alinifundisha kazi vizuri, siwezi kusema uongo. Aliniambia nikiingia nyumba ya mtu nisitazame juu, mwenye nyumba atadhani natafuta utando wa buibui. Aliniambia nianze na mtoto, nimsifu, nimbebe, ndipo nizungumze habari ya choo. Aliniambia mtu akikupa maji ya kunywa, kunywa, hata kama umetoka kumwambia hayafai. Nilimsikiliza kama mwanafunzi anavyomsikiliza mwalimu wake. Nilikuwa najivuna kwamba mkubwa wangu si kama wale wengine waliokuwa wakiingia uani kwa watu na kupiga masufuria teke.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alipanga mama mmoja wa Kilwa, mjane, ambaye sote tulimwita Shangazi ingawa hakuwa na damu na mtu yeyote pale. Mumewe alikuwa kuli bandarini, akafa kwa homa miaka kadhaa nyuma. Shangazi alibaki katika chumba kilekile cha mbele akawa anapika vitumbua. Kila alfajiri aliweka jiko lake la mkaa barazani, akamimina unga wa mchele uliochachuka katika vishimo vya chuma chake, na harufu ya iliki ikawaamsha watu kabla ya muadhini. Wanaume wa bandarini na wa Gerezani walipita kwake kabla ya kwenda kazini. Bwana afya naye alisimamisha baiskeli pale karibu kila asubuhi, akala wima, akajifuta vidole kwa leso.

Ni mimi niliyeanza kugundua kwamba Shangazi anakonda. Alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, kanga ikimshika vizuri kiunoni. Mwaka ule kanga ikaanza kumzunguka mara mbili. Akikohoa aliliacha jiko, akaenda pembeni ya nyumba, akaziba mdomo kwa pindo la mtandio na kurudi akicheka kana kwamba ametoka kumwita mtu. Sikumwambia mtu. Bwana afya aliona mwenyewe. Siku moja, tukitembea kuelekea kliniki, yeye akisukuma baiskeli, aliniuliza.

"Kikohozi cha yule mama umekisikia?"

"Nimekisikia, bwana."

"Kile si cha baridi. Lakini tusimtishe. Tukimtisha atakimbilia Kilwa na ugonjwa wake, akafie huko. Niachie mimi."

Akamwendea mwenyewe. Alichagua saa ya alasiri, jua limepoa na baraza tupu, akanichukua nikae naye ili watu wasifikirie vibaya. Tuliketi mkekani chumbani kwa Shangazi. Kilikuwa chumba kidogo kilichofagiliwa mpaka kona, kitanda cha kamba kimoja, sanduku la bati lenye maua, na juu ya kitanda godoro nene la sufi. Shangazi aliona nikilitazama akasema mumewe ndiye aliyelijaza na kulishona kwa mkono wake, sufi ya kwao, alipokuja na meli mara ya mwisho kutoka kumzika mama yake.

Bwana afya alizungumza naye kama mtoto anavyozungumza na mzazi. Alimwambia siku hizi kuna dawa ya kifua. Ni sindano na vidonge, ni kazi ndefu, lakini watu wanapona. Akamwambia jambo moja tu linatakiwa: aache kupika kwa sasa, mpaka madaktari waseme amekuwa salama.

Shangazi aliinuka akateremsha pazia la mlango. Tulisikia mbuzi nje. Mwishowe akasema, "Baba, mimi sina ndugu hapa. Mtaa huu ukijua nina kifua kikuu, nimekufa kabla ya kufa. Mwenye nyumba atanitoa leo leo. Watu wamekula kwa mkono wangu."

"Hakuna atakayejua," bwana afya alisema. "Daktari anajua, mimi najua, na huyu binti. Siri yako ni siri yangu."

"Apa."

Akaapa. Alimtaja Mungu, akamtaja na mama yake mzazi. Shangazi akanigeukia na mimi, nami nikaapa.

Kwa hiyo tukatunga sababu. Kesho yake asubuhi nilimfunga Shangazi bendeji mkono mzima wa kulia, mkono ambao haukuwa na hata mkwaruzo, tukasema ameungua kwa mafuta. Alikuwa mwigizaji mzuri. Watu wakimpa pole alikunja uso kidogo na kusema kidonda hakijafunga, Mungu mkubwa. Usiku alifungua bendeji akaifua, na asubuhi nikamfunga tena, tukicheka chini chini kama wasichana wa shule.

Sindano alichomwa hospitali, asubuhi. Tulikwenda pamoja, lakini si kwa njia ya karibu. Tulizungukia Gerezani, nyuma ya karakana, kwenye njia ya makaa ya mawe ambako watu wa mtaa wetu walipita mara chache. Njiani alinisimulia mambo mengi: Kilwa, mume wake, watoto wawili aliozaa wakafa wadogo, na jinsi alivyofika Dar es Salaam akadhani taa za bandarini ni kijiji kinachoungua. Alianza kuniita mwanangu. Aliniambia mambo ambayo hata mama yangu hajawahi kuniambia, ya unyumba na ya uzazi, mambo ambayo msichana wa siku zile aliyasikia kwa somo wake tu, yule mama anayemfunda. Baada ya miezi kadhaa uso wake ulianza kujaa. Kikohozi kilipungua hadi kikawa cha mara mojamoja. Daktari alisema yuko njia nzuri, na kwamba huenda si muda mrefu atamruhusu kurudi jikoni.

Nilikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba kazi yetu ni kweli.

Kisha zikaja habari za wageni. Wakubwa kutoka Uingereza walikuwa wanakuja kutazama kazi ya afya katika mitaa ya Waafrika, na mtaa wetu ulichaguliwa kuwa mmoja wa mitaa watakayoitembelea. Bwana afya akabadilika. Alianza kufika mapema na kuondoka jioni, akawasimamia watu wa mifereji, akapaka mawe ya njiani chokaa. Kulikuwa na maneno kwamba nafasi ya juu inafunguliwa, nafasi ambayo hakuna Mwafrika aliyewahi kuishika, na yeye alikuwa anatazamwa. Sote tulimwombea aipate. Mama yangu alimwombea.

Siku moja kabla ya ugeni aliniita pembeni.

"Mwambie Shangazi kesho asitoke. Nataka daktari mkubwa amwone alivyopona. Mgonjwa kama yule ni sifa kwetu sote. Pengine wakamletea na maziwa ya kopo."

"Watajua watu, bwana?"

"Wageni wataingia nyumba nyingi. Nani atajua kwa nini wameingia kwake?"

Nikaenda kumwambia Shangazi. Alifurahi, kisha akaona haya, kisha akaanza kazi. Alifagia chumba kilichokuwa tayari safi. Aliazima vikombe kwa mama mwenye nyumba, akamwambia wageni wa afya wanapita kutazama nyumba. Asubuhi alivaa kanga mpya ambayo haijalowa maji hata mara moja, akanukia udi, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, mkono wake katika bendeji.

Walifika jua likiwa limepanda. Kwanza liliingia lori, na juu yake wanaume waliofunga vitambaa puani, na pampu za kunyunyizia dawa. Nyuma yake magari mawili yakashusha Wazungu, wanaume kwa wanawake, mmoja wao na kamera shingoni. Mtaa wote ukatoka. Bwana afya alikuwa mbele yao katika mavazi mapya, akiongea Kiingereza kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kubwa, kama ya mtu anayesomea watu wengi. Nilijua Kiingereza kidogo cha shule. Nilisikia neno la ugonjwa wa kifua. Nililisikia likirudiwa, na kidole chake kilikuwa kimeelekezwa mlangoni kwa Shangazi.

Shangazi alikuwa amesimama kuwakaribisha. Alisema, "Karibuni, karibuni ndani," akashika pazia ili wapite. Hakuna aliyepita isipokuwa wale wenye vitambaa puani. Waliingia, wakatoka na godoro. Wakaingia tena, wakatoka na mkeka, mito, mashuka, na chandarua. Wakavirundika vyote katikati ya njia. Mmoja alitoka na sanduku la bati akalifungua, akamwaga kanga zake mchangani mbele ya watu.

Nilikimbia nikamshika yule mtu mkono. "Hizo ni nguo zake," nilimwambia. "Wacha nguo zake." Akaniangalia kwa mshangao, maana nilikuwa na gauni la buluu kama wao walivyokuwa na sare zao, akadhani nimetumwa na mkubwa wetu. Alimtazama bwana afya. Bwana afya alitikisa kichwa kidogo, na yule mtu akaziacha kanga pale zilipo, lakini chuma cha vitumbua alikitoa akakitupa juu ya rundo.

Wakamwaga mafuta ya taa.

Shangazi hakupiga kelele. Alisogea mpaka alipokuwa karibu na bwana afya, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayekumbusha jambo lililosahauliwa, "Baba, si uliniapia?"

Bwana afya hakugeuka. Alikuwa anamweleza mama mmoja wa Kizungu kitu, akiendelea na Kiingereza chake.

Nikasimama mbele yake. "Bwana, uliapa. Mimi nilikuwepo."

Akainama kidogo, akazungumza bila kufungua meno. "Usiniaibishe mbele ya wageni."

Kisha akawasha kiberiti mwenyewe. Sufi haiungui kama kuni. Inavuta moshi kwanza, moshi mzito mweupe, kisha inapasuka, na vipande vyake vinaruka hewani vikiwa na moto. Watu walirudi nyuma wakiziba pua. Yule mwenye kamera alipiga picha ya moto, akapiga picha ya bwana afya pembeni ya moto, kisha akamwomba kwa ishara Shangazi asogee kidogo naye aonekane. Shangazi hakuelewa, akabaki pale aliposimama. Ndipo akanitazama. Nimetazamwa na watu wengi maishani, wengine kwa chuki. Yeye hakunitazama kwa chuki. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amenionea wapi.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua. Mama mwenye nyumba aliyeazimisha vikombe alivivunja kimoja kimoja kwenye jalala, akasema Shangazi atafute pa kwenda. Sikumlaumu sana, alikuwa na wajukuu. Watu waliokuwa wamekula vitumbua miaka yote wakaanza kujisikiliza vifua. Mtu mmoja wa Gerezani alikuja mpaka barazani akamtukana Shangazi kwamba amewalisha kifo. Alipokuwa anatukanwa alikuwa ameketi palepale kwenye kigoda, bendeji imefunguka na kuning'inia, na mkono wenyewe mzima kabisa, kila mtu anauona.

Na mimi nikapata changu. Nilikwenda nyumba ya mama mmoja ambaye mtoto wake nilimbeba mwenyewe kliniki mwezi uliotangulia. Alinisimamia mlangoni, mtoto analia ndani, akaniambia, "Amelala." Kila nyumba ilikuwa hivyo. Wanawake walikatisha mazungumzo nilipoingia ukumbini. Nilisikia mmoja akisema kule uani, akijua namsikia, kwamba msichana huyu akikuchekea, jua kesho utachomewa nyumba. Walikuwa hawajui kwamba na mimi nilidanganywa. Walikuwa wameona gauni la buluu likienda kwa Shangazi kila asubuhi, wakaona na kilichofuata. Ningewaambia nini?

Nilimfuata bwana afya ofisini. Nilimkuta anakunywa chai. Aliniambia niketi, nikabaki nimesimama.

"Umekasirika," alisema. "Nakuelewa. Lakini vitu vile vilikuwa vya kuchomwa tangu siku ya kwanza. Ndiyo amri. Mimi nilimsubirisha kwa huruma yangu."

"Kama ni amri ungevichoma uani, bwana. Jioni. Tungemtafutia godoro lingine kwanza."

"Uani nani angeona?"

Alilisema bila hasira, kama mtu anayefundisha. Nadhani hakujua lilivyosikika. Akaendelea. Akasema wakubwa wale wakirudi kwao na picha, watatupa kliniki mpya, yenye vitanda, manesi wengi, mama zetu hawatajifungua tena juu ya majamvi. "Mtu mmoja ameona haya siku moja. Watoto wangapi watapona? Fikiria wewe mwenyewe. Na wewe sitakusahau."

"Uliapa kwa mama yako mzazi," nilisema.

"Mama yangu amekufa siku nyingi," akasema, akachukua kikombe chake.

Nilivua gauni nyumbani, mama akalifua na kulipiga pasi, baba akalirudisha mwenyewe ofisini. Hakuniambia waliongea nini huko. Aliporudi alipita moja kwa moja uani, akaanza kutoa mbao zake katika stoo iliyokuwa nyuma ya jiko. Alitoa kila kitu, akatoboa dirisha ukutani, akapaka chokaa. Jioni ile mama alimuuliza anafanya nini.

"Yule bwana nilimpa binti yangu kwa neno lake," baba alisema. "Neno lake limekwisha. Sasa tutumie langu."

Akaenda kumchukua Shangazi. Mama aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa, maana nyumbani kulikuwa na wadogo zangu. Baba alimuuliza daktari, si bwana afya, na daktari akasema akilala peke yake chumba chenye hewa na akimaliza dawa, hakuna neno. Shida ilikuwa hapo kwenye dawa. Tangu siku ya moto Shangazi alikuwa hajakanyaga hospitali.

Nilimbembeleza kwa siku nyingi. Alinisikiliza kwa adabu, akaendelea kuchambua mchele wa mama. Nilimwambia kifua kitarudi. Akasema kirudi. Mwishowe nilikaa chini mbele yake nikalia, si kwa hila, nililia tu kwa kuchoka. Akaacha kuchambua.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini sizunguki tena Gerezani. Nimuogope nani sasa?"

Basi asubuhi iliyofuata tukapita Mtaa wa Msimbazi katikati ya watu, mbele ya maduka ya Wahindi na ya Waarabu, yeye mbele, kichwa juu, mimi nyuma yake. Wengine walihama njia. Watoto walitunyooshea vidole. Mwanamke mmoja muuza mchicha, ambaye hatukumjua, alimsalimia Shangazi kama anavyomsalimia mtu yeyote, na Shangazi alimjibu kwa maneno mengi kuliko salamu ilivyohitaji. Tukapita hivyo kila asubuhi mpaka sindano zikaisha.

Alipona. Daktari alimwambia anaweza hata kupika. Hakupika. Nani angenunua? Akaamua kurudi Kilwa. Muda wote alioishi kwetu alikuwa mwema. Alimsuka mama nywele, aliwaogesha wadogo zangu pale baba aliporuhusu, alinishonea mimi pazia. Lakini mwanangu hakuniita tena. Aliniita Binti Afya, ingawa wakati huo sikuwa na kazi wala gauni. Na njiani kwenda hospitali, kule alikokuwa akinieleza ya moyoni mwake, sasa alizungumzia bei ya mchele na mvua. Nilingoja siku ambayo angesahau na kuniita kama zamani. Siku ya kuondoka baba alimbebea sanduku mpaka bandarini. Shangazi alimshukuru baba, akamkumbatia mama, kwangu akanipa mkono. Baadaye watu waliotoka Kilwa walituambia yuko salama, ameolewa na mzee mmoja mwenye minazi, na kwamba wanaume hufika asubuhi kununua vitumbua vyake. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Salamu alizotuma zilikuwa za baba na mama.

Bwana afya aliipata ile nafasi. Kliniki nayo ilijengwa, siwezi kukataa, nzuri, ya matofali, yenye madirisha makubwa. Nilipoolewa na kuzaa, mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka pale, kwa sababu ilikuwa karibu na manesi wake walijua kazi. Nilikuwa nikiketi kwenye benchi lile nikiwa na mtoto mapajani, na nikitazama kina mama wengine walivyojaa, nilijiuliza kama alikuwa amesema kweli. Mpaka leo hesabu hiyo sijaimaliza. Ninachojua ni kwamba hakumuuliza Shangazi. Angemuuliza, kwa jinsi nilivyomjua yule mama, pengine angelitoa godoro nje kwa mikono yake mwenyewe.

Nilikutana na bwana afya mara moja tu baada ya hapo, kule Feri, asubuhi, wavuvi wanamwaga samaki. Alikuwa amenenepa, mvi zimeanza, amevaa suti. Alikuwa anachagua samaki aina ya changu, anawabonyeza macho. Aliinua kichwa akaniona kabla sijapata pa kugeukia.

"Shikamoo," nilisema. Lilitoka lenyewe. Nimelelewa hivyo, mtu aliyekuzidi umri unamwamkia, ulimi hauulizi moyo.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli. "Hujambo? Baba hajambo? Mama je? Una watoto sasa? Nilijua tu. Uje ofisini siku moja, usinitupe."

Nikamjibu yote. Baba hajambo, mama hajambo, watoto wawili. Akanisifu. Akamwambia muuza samaki, "Huyu binti nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, alikuwa hodari kuliko wote. Kwa nini aliacha, sijui." Akanichagulia samaki mkubwa, akamwambia muuzaji anifungie. Nilimwambia ahsante, nimekwisha kununua, ingawa kikapu changu kilikuwa kitupu na yeye alikuwa anakiona. Nikaondoka pale nikapita upande wa wakaanga samaki, moshi ukaniingia machoni, nikakaa kwenye gogo mpaka macho yalipoacha kuwasha, kisha nikarudi nyumbani. Siku ile tulikula mchicha.